Kilimani na Semeni

Koti nililinunua Ifakara mwezi Juni, saa sita mchana, jua likiwa utosini, na muuzaji mwenyewe aliona haya kidogo kupokea fedha. Robota la mitumba lilikuwa limefunguliwa tangu asubuhi. Magauni na fulana za watoto zilishagombewa zikaisha, koti likabaki peke yake juu ya turubai: jeusi, zito, limejazwa manyoya ya bata, lina kofia ya kufungia kidevuni na zipu ndani ya zipu. Nani wa kulivaa Ifakara? Mji haufiki mita 300 kutoka usawa wa bahari, na hata usiku wa kipupwe shuka moja linatosha. "Elfu saba, kaka," akasema kijana, "na ukilirudisha sipokei." Nilikuwa na safari ya Mahenge kwa shangazi mwezi uliofuata, na Mahenge mwezi wa saba hapaendwi na shati. Nikalipa.

Nyumbani nikapekua mifuko, kama afanyavyo kila mnunuzi wa mitumba, maana kuna waliowahi kuokota noti za kigeni. Mimi niliokota vifuko vya plastiki, vyeusi, vyepesi kama ngozi ya kitunguu, vimeviringishwa pamoja vikawa kijisongo kama cha uzi. Nilidhani ni vya dawa. Nilidhani ni vya kugandishia barafu za kuuza. Mwisho nikapiga picha, nikamtumia binamu yangu aliyeko kaskazini mwa England, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Jibu lilitanguliwa na vicheko vitatu: ni vya kuokotea mavi ya mbwa.

Sikuamini, akanipigia. Kule aliko, akasema, mwezi wa kwanza barafu inaganda njiani mpaka watu wanatembea kama bata, upepo unakata masikio, na siku hiyohiyo mtu anatoka kwenye nyumba yenye moto, anamfunga mbwa kamba, anakwenda kupanda vilima visivyo na mti hata mmoja. Mbwa akijisaidia, mwenye mbwa anainama, anaokota kwa kifuko, anapiga fundo, anatia mfukoni.

"Mfukoni?"

"Mfukoni, kaka. Mfuko huohuo uliotia mkono wako."

"Na wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wakifika juu wanakunywa chai ya chupa, wanageuka."

Nililitundika koti msumarini, nikakaa nalitazama. Lilikuwa limepanda vilima vingi kuliko mimi, na vyote bure.

Swali langu kwa binamu lilikuwa swali la mtu wa bondeni. Kiswahili chetu hakina subira sana na mtu anayekwenda bila kwenda mahali. Tunasema kutembea, lakini ukiambiwa "njoo siku moja utembee kwetu" unaalikwa kula wali, hualikwi kutumia miguu. Anayetembea pasipo mwenyeji wala shughuli tunamwita mzururaji, na uzururaji ni neno la polisi. Ipo methali inayojaribu kumtetea, ile ya mtembea bure si mkaa bure, lakini itazame vizuri: inamtetea kwa matumaini kwamba huenda akaokota kitu. Hata yeye hatukumwachia atembee tu.

Na mbwa ndiye kabisa. Bondeni mbwa ana kazi. Msimu wa mpunga familia zinapohamia mashambani na kulala madunguni, mbwa ndiye anayejua kwanza kwamba nguruwe pori wameingia. Mchana anafukuza ngedere kwenye mahindi, usiku anabweka, jioni anapewa ukoko. Ndani ya nyumba haingii. Pale Ifakara kuna mzee jirani yangu, mtu wa swala tano, ambaye mbwa akipita karibu anaukusanya upindo wa kanzu kwa vidole viwili, bila hasira, kama mtu anayevuka dimbwi. Na mbwa wa mtaa ule wameshamjua, wanampitia mbali. Kila mmoja na nafasi yake. Sijawahi kuona mtu wa Ifakara akitoka na mbwa kwenda kupunga upepo.

Wazo lilinikaa lakini. Kwa nini nisijaribu mara moja, na koti ninalo?

Milima iliyo karibu zaidi ni Udzungwa. Ukiwa kwenye barabara ya Mang'ula unaiona imesimama kama ukuta mbele yako, misitu kutoka chini mpaka juu, na kilele chake, Luhombero, kina mita 2,576. Lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na mbwa haruhusiwi. Sina ugomvi na katazo hilo. Msitu ule una mbega na mbelele wasiopatikana kwingine duniani, na una kwale ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1991 baada ya watafiti kuona miguu isiyo ya kawaida ndani ya sufuria la mchuzi. (Tayari alikuwa ameshaiva.) Mbwa mmoja wa Mang'ula akipata wiki moja mle ndani ataacha hasara. Hata kina mama waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki walizuiwa mwaka 2011. Sembuse mimi na kiherehere changu.

Basi Mahenge. Unatoka Ifakara, unavuka Kilombero kwenye daraja la mita 384 lililozinduliwa 2018. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa pantoni, tunasubiri foleni na kuku mikononi, na mto ukifurika tunasubiri zaidi. Kisha Lupiro, kisha barabara inaanza kupinda, na masikio yanaziba. Mji wa Mahenge uko zaidi ya mita 1,000. Binamu alinitajia kilima kirefu kuliko vyote England, Scafell Pike, mita 978. Nilimwambia shangazi kwamba amelala juu ya kilele cha Waingereza miaka yote na hakuwahi kudai chochote. Akasema ndiyo maana magoti yanamuuma.

Shangazi ana mbwa wawili wakubwa na mtoto mmoja asiye na jina. Dume anaitwa Simba, kama madume nusu ya nchi hii. Jike anaitwa Semeni.

Majina ya mbwa vijijini kwetu ni barua za wazi. Mtu aliyegombana na jirani hana haja ya kwenda kwa balozi. Anatafuta mtoto wa mbwa, anampa jina, na kila jioni anasimama uani kumwita kwa sauti. Nimewahi kusikia Wabaya Wenu, nimewahi kusikia Mtachoka. Shangazi alipofiwa na mume akajenga nyumba ya bati peke yake, jirani wa upande wa juu alisambaza maneno kuhusu bati zilikotoka. Shangazi hakujibu. Alimleta nyumbani jike mwekundu mwenye sikio moja lililolala, na kuanzia siku hiyo, kila jua likizama: Semeni! Semeni! Semeni weee! Jirani yule amekwisha kufariki. Kwenye msiba wake shangazi ndiye aliyelia kuliko binti za marehemu, na ndiye aliyepika siku tatu. Jina la mbwa likabaki, limepoteza anwani.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shangazi alikuwa anakoka moto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wapi na mbwa?"

"Kilimani."

"Kuna nini kilimani?"

"Hakuna kitu."

Alinitazama, akatazama koti, akarudi kwenye moto wake.

Upepo ulitupokea tulipotoka kwenye migomba ya mwisho. Ni kusi, upepo wa miezi hii, unaotoka baharini na kupanda vilima ukiwa umebeba ukungu. Bondeni kusi ni neema, unakausha mpunga na jasho. Kule juu una meno. Majani yalikuwa yamelala upande mmoja, yamelowa, na suruali yangu ilikuwa maji mpaka magotini kabla sijahesabu hatua mia. Semeni alitembea mshazari, ubavu mmoja mbele, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Manyoya ya mgongo yalikuwa yamegeuzwa na upepo mpaka ngozi nyeupe inaonekana mistari mistari, na lile sikio la kulala lilikuwa limeinuliwa kwa nguvu, likapigapiga kama bendera ya shule. Simba alishaondoka mbele, na kazi zake. Mtoto asiye na jina alisimama, akaketi, akakataa. Nikafungua zipu ya kwanza, nikafungua zipu ya pili, nikamtia ndani ya koti. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko saa yoyote niliyowahi kuivaa, na baada ya muda akaacha kutetemeka akaanza kunuka.

Waliopanda vilima hivi kabla yangu walikuwa na sababu. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walipanda kulishambulia boma la Wajerumani, wakapokewa na bunduki za rashasha. Vita vya kwanza vya dunia vilipandisha wapagazi na mizigo ya watu wengine, mpaka Wabelgiji walipoingia Mahenge Oktoba 1917. Mwaka 2007 yalipopatikana mawe makubwa ya spineli nyekundu kule Ipanko, kila mwenye sululu alipanda. Mimi nilikuwa napanda na vifuko vya mavi mfukoni, na nakiri kwamba kila nilipofikiria hilo nilicheka peke yangu, upepo ukanijaza mdomo.

Juu, nyuma ya jiwe kubwa, tulipumzika. Ukungu ulipofunguka kidogo bonde lilionekana: kwanza weupe mtupu, halafu kipande cha kijani, halafu mng'ao mwembamba wa maji. Vidole vyangu vilikuwa havikunjiki. Baridi hii, nikajiambia, mtu wa Njombe angeivulia shati. Kule juu, Njombe na Makete mpaka uwanda wa Kitulo, mwezi wa sita na wa saba umande unaganda usiku ukawa jalidi, na asubuhi majani yanalia chini ya viatu, na mashamba ya viazi yanageuka meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Jua likipanda, jalidi linayeyuka. Sehemu yake inashuka Ruhudji, Ruhudji unakutana na mito mingine na kuwa Kilombero, Kilombero unapita chini ya lile daraja letu na kwenda kuupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na Rufiji sasa unazungusha mitambo ya bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115. Barafu tunayo. Sisi wa Ifakara inatufikia ikiwa imeshaungana na matope, ndiyo maana hatuijui sura.

Hapo ndipo alipotokea jamaa mmoja na mbao mbili begani, mikono imefungwa kwa vitambaa. Alisimama mbali.

"Wamechanjwa hao?"

Swali hilo nililipenda. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyeliuliza. Tulijua kichaa cha mbwa kama tulivyojua radi: kinapiga kinapotaka. Mtu aking'atwa alipakwa dawa ya majani na pilipili, mbwa akapigwa mawe, na wiki au miezi baadaye, mara nyingi watu wameshasahau, mgonjwa anaanza kuogopa maji. Ikifika hapo hakuna hospitali yenye tiba. Virusi vimetambaa kwenye neva kutoka kwenye jeraha mpaka ubongoni, na kazi imekwisha. Inakadiriwa watu 59,000 hivi hufa hivyo kila mwaka duniani, wengi Asia na Afrika, na watoto wengi miongoni mwao, na karibu wote kwa mbwa. Kinachoudhi ni urahisi wa kinga yake. Kidonda kikioshwa upesi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu akachomwa sindano zake kwa wakati, anapona. Na mbwa saba katika kumi wakichanjwa, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Shirika la Afya Duniani na serikali walianzisha kampeni kubwa ya kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, Kilombero na Ulanga zikiwamo. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ile iliyoanza miaka ya 1950 kama kimaabara cha Waswisi na ambayo wengi wanaijua kwa mbu kuliko kwa mbwa, wamekuwa wakifuata nyayo za ugonjwa huu nyumba kwa nyumba: nani kang'atwa, na mbwa gani, na mbwa huyo naye aling'atwa wapi. Siku za chanjo ni za kuonwa. Wanaoleta mbwa ni watoto. Kamba ni ya katani, ya mkanda, ya khanga iliyochanika. Mbwa mwingine kaletwa kwa toroli, mwingine kabebwa mgongoni kama mdogo wake. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa maisha yake yote anajilaza barabarani na kuburutwa. Kisha sindano, kisha kadi.

Kadi ya Semeni shangazi anaiweka kwenye kopo moja na hati ya shamba. Kuipata haikuwa rahisi. Mtaalamu wa mifugo aliuliza jina la mbwa. "Semeni," akajibu mtoto wa jirani aliyempeleka. "Nauliza wewe, jina la mbwa." "Semeni." "Sema wewe! Mbwa ni wako au wangu?" Foleni nzima ilikuwa imeanguka kwa kicheko kabla kalamu haijagusa karatasi.

"Wamechanjwa," nikamjibu mwenye mbao. "Kadi wanazo."

Akasogea. Tukasalimiana. Akaweka mbao chini apumzike, akatazama Simba aliyekuwa anafukua shimo la panya.

"Mnawinda nini?"

"Hatuwindi."

Uso wake ulibadilika. Mtu mwenye mbwa kilimani alfajiri, anayekana kuwinda, ni mwindaji haramu au ana jambo baya zaidi. Akatazama koti langu, lile jeusi, na kichwa cha mtoto wa mbwa kilichochomoza kwenye zipu. Akatafuta sababu ya kunisaidia, akaipata.

"Basi mmepoteza nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema tu: tunatembea. Upepo ulikuwa unavuma, midomo imekufa ganzi, na neno lenyewe lilinijia mdomoni likionekana la kipumbavu.

"Mbuzi," nikasema.

"Wa rangi gani?"

"Mweusi. Ana baka jeupe."

"Jike?"

"Jike."

Hakuuliza zaidi. Aliziegemeza mbao zake kwenye jiwe, akafungua vitambaa mikononi ili aweze kupiga mbinja, akaanza kutafuta. Mtu nisiyemjua, aliyekuwa na safari yake na mzigo wake, aliteremka kwenye korongo upande wa upepo na kuchungulia kila kichaka, analialia kama mama mbuzi amwitaye mwanawe. Nilimfuata. Ningefanya nini? Tulitafuta karibu nusu saa. Aliona mavi ya mbuzi mahali, akayaponda kwa vidole, akasema ni ya jana, tusikate tamaa. Simba alidhani mchezo umeanza, akaingia naye. Semeni alipotea kwenye ukungu nikalazimika kumwita, na hapo ndipo nilipopata adabu yangu. Nilisimama juu ya korongo, mikono mdomoni, yule ndugu akiwa chini yangu ananisikiliza, nikapiga kelele kwenye upepo: Semeni! Semeni! Semeni weee!

Hakusema mtu. Mbwa alitokea na mfupa mkavu.

Mwishowe jamaa alipanda, magoti yote matope. Akanipa pole. Akasema atapeleka habari kwa wachunga wa upande wa chini na kwa wachoma mkaa, maana wao wanaona kila kitu, na kwamba mbuzi wa baka hapotei, ana alama. Akafunga vitambaa vyake, nikamsaidia kuinua mbao, akaenda zake, na upepo ukimsukuma mbao zile zilimgeuza kidogo kila hatua tatu.

Nilipofika nyumbani nilimweleza shangazi yote. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Ungemwambia mnatembea. Angekushangaa, basi. Kushangaa hakuna gharama." Vile vifuko alishavigundua mfukoni wakati anaanika koti, na hakuniuliza kazi yake. Ametia mbegu zake za maharage, kila aina kifuko chake, fundo zuri. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Nilikaa Mahenge siku nne zaidi, na kila siku sokoni watu wawili watatu walinipa pole ya mbuzi. Mama mmoja wa dagaa alinikatia bei. Kwa hiyo, kaka wa mbao, sikukuuliza jina na sijui unakaa wapi. Lakini kama ukurasa huu utakufikia, hata ukiwa umefungiwa vitumbua, tafadhali waambie na wachoma mkaa waache kutafuta. Hakuna mbuzi. Tulikuwa tunatembea tu.